Samaki naye ana chumba chake

Ukitaka kujua hali ya maji ya nchi hii, msomaji wangu, usianze na vitabu. Anza na beseni la mama muuza samaki. Nenda soko la samaki kule Mji wa Kale, Mombasa, uombe utajiwe walioingia siku hiyo. Utasikia tafi, changu, pono, nguru, kolekole, chewa, mkizi, taa, papa, pweza, ngisi, kamba na kaa, na kabla muuzaji hajafika mwisho utakuwa umesahau alikoanzia. Kisha abiri basi hadi Kisumu, uulize swali hilo hilo pale Kibuye. Utaambiwa mbuta, ngege na omena. Ukiwa na bahati utaongezewa kamongo na mumi. Basi.

Lakini mtafute mzee aliyelelewa kando ya ziwa, umuulize alikula nini alipokuwa mtoto. Atakutajia ningu, mbiru, seu, fwani, okoko, na fulu wa kila namna ambao watoto waliwavua kwa ndoana wakiwa wamesimama ufuoni. Atakutajia pia ngege, halafu ataongeza kwa haraka: "Ngege wenyewe, si hawa wenu."

Mbona basi kule majina hayaishi na huku yanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja? Wengi watajibu kwamba bahari ni kubwa na ziwa ni dogo. La hasha. Bahari kuu, mbali na nchi kavu, ina sehemu kubwa ambazo ni kama jangwa la maji ya buluu. Miamba ya matumbawe haifiki hata asilimia moja ya sakafu ya bahari zote duniani, ilhali karibu robo ya aina za viumbe vya baharini vinavyojulikana hupatikana humo. Nalo Ziwa Victoria, tunaloliona dogo mbele ya bahari, lilikuwa na aina zaidi ya 500 za fulu peke yao. Ukubwa sio unaoleta aina nyingi.

Chukua ploti mbili za kipimo kimoja pale Kayole. Ya kwanza ina nyumba ya vyumba kumi, kila kimoja na mlango wake. Ya pili ina ukumbi mmoja usio na ukuta ndani. Eneo ni lile lile na mabati ni yale yale. Lakini katika ile ya kwanza watakaa fundi cherehani, mama mboga, mwalimu wa nasari na bawabu anayelala mchana, wala hakuna atakayemkanyaga mwenzake. Katika ukumbi, mwenye nguvu atanyakua kona nzuri na wengine watafute pa kwenda. Maji nayo ni hivyo hivyo. Bayoanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe, hufuata wingi wa vyumba. Ukibomoa kuta, eneo halitapungua hata futi moja, na bado wapangaji watahama au watakufa.

Majirani watatu wa Pwani

Tuanze na Pwani, ambako vyumba bado ni vingi. Mwamba wa matumbawe wa Kenya umefuata ufuo kutoka Malindi hadi karibu na mpaka wa Tanzania, mwendo wa kama kilomita 200. Watu huyaita matumbawe mawe, lakini yamejengwa na vijidudu vidogo, kizazi juu ya kizazi, na ujenzi wenyewe umejaa matundu, mapango na vichochoro. Pweza ana tundu lake na chewa ana pango lake. Pono, mwenye mdomo kama wa kasuku, hushinda akikwangua mwamba, na giza likiingia hutafuta ufa wa kulala.

Kati ya mwamba na ufuo kuna nyasi za baharini. Hizi si mwani. Ni mimea kamili yenye mizizi na maua, na pwani yetu ina aina 12. Ndiyo malisho ya tafi. Kasa naye hula humo, na nguva pia, ingawa nguva siku hizi ni wachache mno hivi kwamba mvuvi anaweza kuzeeka bila kumwona hata mmoja.

Jirani wa tatu ni mikoko, na hapa Mswahili alimtangulia mwanasayansi kwa muda mrefu. Kenya ina aina tisa za miti hii, na wakataji boriti wa Lamu walikuwa na majina yake kabla ya mtu yeyote kuja na daftari: mkoko, mchu, mlilana, mkandaa, muia, mkomafi, msikundazi. Kila mmoja una mahali pake. Mlilana husimama mbele kabisa, miguu yake ikiwa baharini. Mkandaa hukaa nyuma, pale maji yanapofika kwa nadra. Kwa hiyo hata ndani ya msitu mmoja wa mikoko kuna vyumba. Chaza hushika mizizi, kaa huchimba tope, na samaki wadogo hujificha katikati ya mizizi ambamo samaki mkubwa hawezi kupenya.

Uzuri wa majirani hawa ni kwamba wanalea watoto wa wenzao. Changu huzaliwa baharini kama yai linaloelea. Akiwa mdogo kama ukucha huingia katika nyasi au mikoko, ambako chakula ni tele na maadui ni wachache. Akipata nguvu ndipo anapohamia mwambani. Ni kama mtoto anayezaliwa mjini, akapelekwa kwa nyanya yake mashambani akalelewa huko, kisha akarudi mjini ujanani kutafuta kazi. Ukibomoa nyumba ya nyanya, mjini hutaona tofauti mwaka huo. Utaiona baadaye, utakaposhangaa vijana wamekwenda wapi. Ndiyo sababu mvuvi wa mwambani anaweza kukosa samaki ilhali mwamba wake ni mzima: mikoko ilikatwa mbali na macho yake, na mtu asiyejua kwamba anamnyima riziki.

Hata tope lina wenyewe. Pale Sabaki na Tana zinapomwaga maji yake, mwamba umekatika, kwa kuwa matumbawe hayapendi maji matamu wala matope. Mgeni akipaona hapo atasema ni pahali pachafu. Lakini kamba hupapenda sana, na Ghuba ya Ungwana, kwenye mlango wa Tana, ndiyo iliyokuwa maarufu kwa kamba tangu zamani.

Vyumba vya Pwani navyo si salama. Mwaka 1998, wakati wa mvua kubwa za El Niño ambazo wengi wetu tunazikumbuka kwa barabara zilizokatika na madaraja yaliyosombwa, bahari nayo ilipata joto kupita kiasi. Matumbawe yakageuka meupe kama mifupa, na sehemu nyingi za pwani yetu yalikufa kwa wingi. Tumbawe lililokufa husimama kwa muda, kisha humomonyoka likawa kifusi. Samaki waliopanga katika matawi yake wakabaki nje.

Kuna na uharibifu wa polepole, ambao mimi naona ni wa kuogopesha zaidi kwa sababu hauna tarehe. Mtafiti Tim McClanahan, ambaye amefanya kazi katika miamba ya Kenya tangu miaka ya 1980, alionyesha jinsi unavyotokea. Kuna yule kiumbe mviringo wa baharini mwenye miiba kama nungunungu, anayewachoma waogeleaji nyayoni. Adui yake mkubwa ni kikande, samaki mwenye meno ya kuvunja magamba. Kikande huingia katika mitego na madema kwa urahisi. Wavuvi wakimmaliza, wale wa miiba huzaana wakajaa kila mahali, wakatafuna nyasi hadi mchanga ukabaki mtupu, na kuuguguna mwamba wenyewe hadi ukalainika na kuporomoka. Katika hifadhi za baharini kama Malindi na Watamu, zilizowekwa mwaka 1968, vikande wapo na wenye miiba ni wachache. Nje ya hifadhi mambo huwa kinyume. Basi samaki mmoja anapoondolewa, asiyejulikana sana sahanini, kuta za nyumba nzima huanza kubomoka.

Ziwa lililokuwa na vyumba 500

Sasa tuende ziwani, ambako kuta zilibomolewa mbele ya macho yetu.

Ziwa Victoria lina kilomita za mraba 68,800 hivi, na sehemu ya Kenya ni kama asilimia sita tu. Nyingine ni ya Tanzania na Uganda. Ukisimama Dunga na kutazama mbele utaona maji matupu hadi upeo wa macho. Macho yanakudanganya. Chini kuna miamba, kuna mchanga, kuna tope laini. Kandokando kuna mafunjo, yale Wajaluo huyaita togo. Kuna milango ya mito kama Nzoia, Nyando na Sondu. Kuna maji ya juu yenye mwanga, na kuna kilindi cha hadi mita 80 ambako mwanga haufiki.

Wanajiolojia wanasema ziwa hili lilikauka kama miaka 15,000 iliyopita, kisha likajaa tena. Kwa hesabu zao hiyo ni juzi. Na katika muda huo mfupi fulu waligawanyika wakawa mamia ya aina, jambo ambalo wataalamu wa ulimwengu mzima bado hulizungumza kwa mshangao. Siri yao ilikuwa kugawana vyumba na kugawana kazi. Wengine walikwangua ukoga kwenye mawe. Wengine walikuwa na mataya ya kuvunja konokono. Wengine walikula wadudu wa matope, wengine dagaa, wengine magamba ya wenzao wakiwa hai! Na kwa kuwa mama fulu huwalea watoto wake ndani ya kinywa, walikuwepo majambazi ambao kazi yao ilikuwa kumlazimisha mama awateme watoto ili wao wale.

Hata mwanga ni chumba. Katika visiwa vya Ghuba ya Mwanza, upande wa Tanzania, kuna fulu wawili wa miambani ambao ni ndugu wa karibu. Mmoja dume lake lina rangi ya buluu na hukaa juu, maji yanapokuwa mepesi. Jina lake la kisayansi ni Pundamilia pundamilia. Naam, Kiswahili chetu kimo humo. Wa pili dume lake ni jekundu na hukaa chini zaidi, ambako mwanga unaopenya una wekundu. Huyo anaitwa Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Majike huchagua mume kwa rangi. Maji yakiwa maangavu, kila jike hupata wake na koo mbili hubaki mbili. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walitangaza kwamba maji yanapotiwa uchafu yakawa kama uji, majike hawatambui tena rangi, na aina zilizotengana kwa maelfu ya miaka huchanganyikana zikawa moja. Hakuna aliyewavua wala aliyewala. Taa ilizimwa tu. Na aliyeizima ni sisi wa nchi kavu, kwa mbolea inayosombwa kutoka mashambani, maji machafu ya miji na udongo wa vilima vilivyokatwa miti, vitu vinavyostawisha ukoga hadi maji yakawa kijani.

Wa pili kuumia ni wale waliohitaji vyumba viwili. Ningu aliishi ziwani lakini alipanda mito kutaga wakati wa mafuriko. Wavuvi waligundua kwamba ukitega nyavu kwenye mlango wa mto utampata akiwa njiani, tumbo limejaa mayai. Ulikuwa uvuvi mtamu, na haukudumu.

Kisha akaja mbuta. Michael Graham, Mwingereza aliyefanya uchunguzi wa kwanza wa uvuvi wa ziwa hili mwaka 1927 na 1928, alikuwa ameonya katika ripoti yake ya 1929 kwamba kuleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka kwingine bila utafiti wa kina ni kucheza na hatari. Katika miaka ya 1950 na 1960 mbuta akatiwa ziwani vivyo hivyo. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja akawala wenyeji. Kwa miaka kadhaa alionekana kwa uchache, halafu miaka ya 1980 ilipoanza akafurika. Fulu waliokuwa kama asilimia 80 ya uzito wa samaki wanaokaa karibu na sakafu ya ziwa wakashuka hadi chini ya asilimia moja. Wataalamu hukadiria kwamba aina zipatazo 200 zilitoweka.

Tusimwonee mbuta. Alileta viwanda vya minofu, akaleta fedha za kigeni, na watoto wengi wa Nyanza wamesomeshwa kwa pesa yake. Lakini jambo la kuzingatia ni nani aliyenusurika. Fulu wa maji ya wazi na wa sakafu ya tope, wale waliokuwa wakikaa katika ule ukumbi usio na kuta, ndio walioangamia zaidi. Wa miambani, wenye nyufa za kuingia, wengi walibaki. Na wengine walibaki mahali ambapo wengi hawakupategemea: ndani ya mafunjo.

Mbuta ana udhaifu mmoja. Anahitaji maji yenye hewa nyingi. Chini ya mafunjo maji ni meusi, yametulia, na hewa ni haba kwa sababu ya majani yanayooza. Mbuta akiingia humo hukosa pumzi. Fulu kadhaa huvumilia. Kamongo na mumi hata hawajali, kwa kuwa hupanda juu wakavuta hewa ya mbinguni; ndiyo maana magugu maji yalipofunika ghuba katika miaka ya 1990, wavuvi waliokuwa wakilia waliona kamongo akirudi. Huko Uganda, katika Ziwa Nabugabo lililo kando ya Victoria, watafiti waliona jambo hilo hilo: mbuta alitawala katikati, na wenyeji wakajibana pembeni mwa kinamasi.

Na ngege je?

Ngege wa wazee ndiye aliyepewa jina la kisayansi na yule yule Graham mwaka 1928: esculentus, neno la Kilatini lenye maana ya kitu kinachofaa kuliwa. Huwezi kumpa samaki sifa kubwa zaidi ya hiyo. Yule unayemkaanga leo ukimwita ngege mara nyingi ni nyamami, mgeni mwingine aliyeletwa ziwani miaka ya 1950, au amefugwa kidimbwini, au ametoka China akiwa barafu. Mzee wetu wa Kibuye hakukosea aliposema "si hawa wenu." Nyavu zilimpunguza ngege, nyamami akampokonya chumba, mbuta akamaliza, na katika ziwa kuu akawa kama hadithi.

Lakini katika kaunti ya Siaya kuna Kinamasi cha Yala, na ndani yake kuna ziwa dogo liitwalo Kanyaboli, la kilomita za mraba kumi hivi. Limetenganishwa na ziwa kuu na mafunjo mazito. Mbuta hakuyavuka. Watafiti walipolichunguza katika miaka ya 2000 walimkuta ngege yule yule wa zamani, pamoja na fulu kadhaa waliokuwa wamepotea kwingineko. Mafunjo, ambayo katika ramani nyingi za maendeleo huandikwa kama ardhi iliyokaa bure, yalikuwa yamemfungia mlango kwa miongo mingi.

Kinamasi hicho kimekuwa kikikaushwa kidogo kidogo kwa ajili ya mashamba tangu miaka ya 1960, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 sehemu kubwa ilikodishwa kwa kampuni ya ng'ambo iliyopanda mpunga. Kampuni hiyo imekwisha kuondoka, lakini swali la nani apewe Yala limebaki. Sisemi watu wa Siaya wasilime. Tumbo halisubiri utafiti. Ninachosema ni kwamba anayepima kinamasi kwa ekari za mpunga peke yake hajahesabu maji yanayochujwa na mafunjo kabla ya kuingia ziwani, wala togo ambayo kina mama huisuka mikeka, wala nzohe, yule swala wa majini, wala samaki.

Watu wa Gazi, kusini mwa Mombasa, walipiga hesabu hiyo kwa njia yao. Mwaka 2013 wao na majirani zao wa Makongeni walianzisha mradi wa Mikoko Pamoja, wanaotunza hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na miti hiyo. Fedha zimeingia katika maji ya bomba na shule za vijiji. Mikoko imesimama, na changu wadogo wana mahali pa kulelewa.

Mafunjo ya Yala hayajapata mnunuzi wa namna hiyo. Na hata yakibaki, hatari nyingine imo ndani tayari: nyamami naye ameingia Kanyaboli, na hao wawili huweza kuzaana, hivyo ngege anaweza kupotea katika damu ya mwenzake bila mtu kujua siku yenyewe. Kwa wakati huu bado yumo. Ni mdogo kuliko nyamami, na ukitaka kumwonja huna haja ya kumtafuta Kibuye. Utaenda Siaya, ukafike ukingoni mwa mafunjo, umngoje mvuvi arudi na mtumbwi wake.